Ujumbe kwa Mwenye Kisukari, na kwa Anayempakulia

Maandiko ya kusoma nyumbani: Nehemia 8:9-12, 1 Wafalme 19:4-8, 2 Wafalme 20:1-7, Mithali 25:16.

Jumapili iliyopita niliomba kila mwenye ugonjwa wa sukari, au anayeishi nyumba moja na mtu mwenye sukari, ainue mkono. Nilitarajia mikono kumi hivi. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi mpaka nikasahau nilikuwa nataka kusema nini. Baada ya ibada mchungaji kiongozi akanivuta kando akaniambia, "Hilo neno liandike lote, usilifupishe. Watu wanasafiri wiki ijayo." Kwa hivyo kijarida cha wiki hii kiko na somo moja tu. Ukimaliza kusoma, mpelekee mama yako nyumbani.

Nataka kuanza na toba.

Krismasi ya kukemea

Ilikuwa Krismasi, miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwetu Nyandarua. Mama yangu ako na sukari kwa miaka mingi. Asubuhi ile alimeza vidonge vyake saa moja kama kawaida, akanywa chai na kipande kidogo cha mkate. Kwa nini kidogo? Alikuwa anaweka nafasi ya mbuzi. Wengi wetu tunafanya hivyo siku ya sikukuu: tunabana asubuhi ili tufungue mchana.

Tukaenda kanisani. Neno siku hiyo nilipewa mimi. Nilipewa dakika 40. Nilihubiri saa moja na dakika 40. Watu walikuwa wakisema amina, nami nikaendelea. Tulitoka saa nane. Kufika nyumbani, mbuzi bado yuko motoni, mukimo haujapondwa, na kaka yangu mkubwa amekwama kwenye jam akitoka Nairobi. Kwetu hakuna mtu anayepakuliwa kabla familia yote haijafika na chakula hakijaombewa. Kwa hivyo tukangoja.

Mwendo wa saa tisa na nusu mama alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akaniita kwa jina la marehemu baba. Akakasirika, yeye ambaye hata kuku akiingia jikoni humfukuza kwa upole. Jasho lilikuwa linamtiririka, na Nyandarua siku hiyo ilikuwa baridi ya kuvaa koti. Mikono ikitetemeka.

Mimi mtumishi wa Mungu nilijua papo hapo ni nini. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake nikaanza kukemea. Shangazi zangu wakashika wimbo. Tulikemea kama dakika kumi. Mama akazidi kulegea, na sisi tukasema linatoka.

Binti ya dada yangu, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, akanisogelea. "Anko, hebu niache nimpime cucu."

Nikamwambia angoje tumalize.

Hakungoja. Namshukuru Mungu kwa watoto ambao wakati mwingine hawatutii. Alitoa mashine ya kupima sukari kwenye mkoba wa cucu yake, akamdunga kidole, akaniinulia ile mashine nione. Ilisoma 2.4. Ikiwa hujui maana ya namba hiyo, ngoja nikueleze: chini ya 4 sukari ya damu imeshuka mno kwa mtu anayetumia dawa. Kwa 2.4 ubongo unakaribia kuzima. Mama alikuwa hana pepo. Alikuwa hana chakula.

Alipoona cucu bado anaweza kumeza, msichana alifungua soda iliyokuwa mezani, soda ya kawaida yenye sukari, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa mama aliinua macho, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, mbona umenishika kichwa hivi?"

Tulimpeleka hospitali, kwa sababu aina ya vidonge alivyokuwa anatumia hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Alilala wodini usiku ule. Mukimo tuliula umepoa, tarehe 26.

Ndiyo maana nimeanza na toba. Aliyemwangusha mama hakuwa shetani. Ni dawa iliyoingia tumboni ikakosa chakula cha kufanyia kazi, na mhubiri aliyepitisha muda. Mhubiri mwenyewe ni mimi.

Malaika hakumkemea Eliya

Nilirudi Nakuru nikiwa na aibu, nikasoma tena 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwa ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Sasa yuko jangwani chini ya mti, amechoka, anaongea maneno ya kukata tamaa, anaomba afe. Tungekuwa sisi tungemtolea ushauri wa saa mbili. Tungemuuliza imani yake imeenda wapi.

Malaika alipofika alimgusa, akamwambia aamke ale. Kulikuwa na mkate juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno yale yale: kula, safari ni ndefu. Mazungumzo mazito kati ya Mungu na Eliya yalikuja baadaye, kule Horebu, baada ya chakula. Mungu alijua mtumishi wake ana mwili, na mwili una mahitaji yake.

Ona pia binti wa Yairo katika Luka 8. Yesu amemfufua kutoka kwa wafu, nyumba nzima imeshangaa, na agizo analotoa mara moja ni kwamba msichana apewe chakula. Mpendwa, ikiwa Bwana mwenyewe baada ya muujiza alikumbuka chakula, mimi ni nani nisahau?

Karamu si dhambi

Sasa kuna wenye sukari ambao Krismasi kwao imekuwa kama hukumu. Wanakaa kando na kikombe cha maji huku wengine wakila, na kila mtu anawatazama kwa huruma. Wengine wanaamua, "Siku ni moja tu, acha nile, Januari nitajirekebisha." Wote wawili nataka wasikie Nehemia 8.

Watu walikuwa wakilia baada ya kusikia sheria ikisomwa. Nehemia akawaambia siku hiyo ni takatifu, wasilie. Waende wakale vinono na wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Kwa hivyo chakula kizuri siku ya Bwana ni halali, tena ni ibada. Mwenye sukari hajatengwa na meza hiyo.

Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Mithali 25:16, inazungumza juu ya mtu aliyepata asali. Haimwambii aitupe. Inamwambia ale kiasi kinachomtosha, kwa sababu akishiba kupita kiasi ataitapika. Sulemani alikuwa na asali nyingi kuliko mtu yeyote katika hiki kijarida, na bado alijua neno "kiasi".

Bajeti ya sahani

Mnajua nilisomea biashara, kwa hivyo nivumilieni nitumie lugha ya darasani kwetu. Katika Luka 14 Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara, akikaa kwanza kupiga hesabu. Mwenye sukari naye akae kwanza apige hesabu ya sahani.

Kinachopandisha sukari haraka ni wanga na vitu vitamu. Chukulia wanga ni pesa uliyo nayo mfukoni kwa mlo huo. Ukiitumia kwa chapati, usiitumie tena kwa pilau. Shida ya sahani yetu ya Krismasi ni kwamba tunanunua bidhaa moja mara nne: pilau ni wanga, chapati ni wanga, viazi ni wanga, na juu yake soda. Halafu tunasema, "Lakini sijala ugali!"

Na mukimo je? Mukimo ni kijani, kwa hivyo watu hudhani ni mboga. Ndani kuna viazi na mahindi. Yale majani ni mazuri lakini hayafuti viazi. Mukimo uhesabu kama wanga.

Gawanya sahani hivi. Nusu nzima iwe mboga: kabeji, sukuma wiki, managu, terere, kachumbari. Robo iwe nyama, kuku, samaki au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, na uchague mmoja, kiasi cha ngumi yako. Chapati moja kubwa ya nyumbani imeshajaza hiyo robo. Maharagwe, njahi na kamande vina wanga pia, lakini vina nyuzinyuzi na protini, na hupandisha sukari polepole kuliko wali au chapati ya unga mweupe. Anza na mboga na nyama, malizia na wanga. Hata mpangilio huo unasaidia. Ukimaliza usiende kulala kwenye kochi. Tembea dakika 15 au 20, wapeleke watoto waone shamba. Misuli inayotembea inatumia sukari iliyo kwenye damu.

Soda ya kawaida ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai 7 au 8. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na linasema chini ya 25 ni bora zaidi. Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Kwa hivyo chupa moja ya soda imeshapita kiwango kile bora kabla hujagusa keki. Juisi ya kutengeneza nyumbani nayo hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe. Huu ni msimu wa embe. Kula nusu, litafune, usilisage. Na asali, sukari ya kahawia na sukari nguru vyote ni sukari. Usiambiwe na mtu kwamba ni dawa.

Je, kipande cha keki kinaruhusiwa? Kwa wengi, ndiyo, kipande kidogo, ukitoa nafasi yake kwenye ile robo ya wanga. Huko ndiko kupanga bajeti. Kinachoharibu ni kula keki halafu chapati mbili halafu kujificha usipime. Mashine ya sukari haipo kukuhukumu. Ni kama kuangalia salio la M-Pesa: kutoangalia hakuongezi pesa. Kwa watu wazima wengi, kabla ya kula namba inatakiwa iwe kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula isipite 10. Daktari wako anaweza kukuwekea viwango vingine kulingana na umri na hali yako, fuata vyake. Na kile kipimo cha damu cha miezi 3 ambacho kliniki hukufanyia, hicho ni taarifa ya benki. Huwezi kumdanganya kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki.

Mtu ataniuliza, "Pasta, kwani siku moja inaweza kufanya nini?" Siku moja inaweza kukupeleka wodini. Lakini zaidi ya hapo, Krismasi yetu haina siku moja. Kuna ruracio tarehe 20, harusi tarehe 22, Krismasi yenyewe, kwa wakwe tarehe 27, halafu mwaka mpya. Hizo ni wiki mbili. Na sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hudai deni lake kimya kimya, machoni, kwenye figo, kwenye moyo na mishipa ya miguu. Miili yetu ni hekalu, 1 Wakorintho 6:19, na imenunuliwa kwa bei. Mali iliyonunuliwa kwa bei kubwa hivyo haiachwi bila matengenezo.

Wewe unayepakua

Sasa nageukia wale ambao hawana sukari. Msiseme somo si lenu.

Kwetu, upendo hupimwa kwa kijiko cha kupakulia. Mgeni akisema "imetosha" tunamwongeza. Akikataa tunamuuliza kama chakula chetu ni kibaya. Mama aliniambia mwaka ule, akiwa kitandani wodini, kwamba nyumba kumi alizotembelea mwezi huo wa Desemba alikunywa chai ya sukari katika nyumba tisa, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba. Nikamuuliza, "Na ile ya kumi?" Akasema, "Walikuwa wameishiwa na sukari."

Tulicheka. Halafu nikafikiria: mama yangu aliokolewa na nyumba iliyokuwa na shida ya pesa.

Katika Warumi 14 Paulo anasema tusimwangushe ndugu kwa sababu ya chakula. Alikuwa akizungumzia mambo ya dhamiri, lakini moyo wake ni huo huo: upendo humtazama anayekula kabla ya kutazama sahani. Kwa hivyo chai ipikwe bila sukari, sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie. Ni jambo dogo, halina gharama. Maji yawe mezani pamoja na soda. Mboga ziwe nyingi, zisiwe mapambo. Na mtu akisema "imetosha", mjibu "asante kwa kuja", mambo yaishe.

Usiwe polisi pia. Kuna watu wakimwona mwenye sukari ameshika kipande cha keki wanapiga kelele mbele ya wageni. Unamwaibisha, na kesho atakula chooni. Mtu mzima anaijua bajeti yake. Ukiwa na wasiwasi, muulize pembeni kwa heshima.

Imani na vidonge

Hapa ndipo panaumiza kanisa, kwa hivyo nitasema wazi. Wako waliotoka kwenye mkutano wa maombi wakatupa dawa. Wengine walitiwa moyo na wahubiri. Mimi sijawahi kumwambia mtu aache dawa, lakini pia nilikuwa sijawahi kumwambia asiache. Kunyamaza kwangu wengine walikusikia kama ruhusa. Leo nasema.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa hata kufa. Analia, anaomba, na Mungu anajibu: atamponya, atamwongezea miaka 15. Hiyo ni ahadi kutoka kinywani mwa Mungu kupitia nabii Isaya. Baada ya ahadi hiyo, Isaya yule yule anaagiza nini? Waandae mkate wa tini, waubandike juu ya jipu. Hezekia alikuwa na unabii na akatumia dawa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ile tini ilipunguza imani yake.

Ngoja niwape ushuhuda wa historia. Zamani mtoto akipata kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini, alikufa. Madaktari walichoweza ni kumnyima chakula ili asogeze siku. Mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuitoa insulini kwenye kongosho la mbwa, na wenzao James Collip na John Macleod wakahusika katika kuifikisha kwa wagonjwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa. Alikuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka 13 zaidi. Kama mtu wa biashara kinachonigusa ni hiki: wavumbuzi waliiuzia haki ya ile dawa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Wangeweza kuwa matajiri sana. Leo tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Kwangu hiyo insulini ni rehema ya Mungu iliyotiwa kwenye chupa ndogo. Unaposhika ile sindano unaweza kusema asante Yesu bila kuona haya.

Je, Mungu hawezi kuponya kisukari? Anaweza. Naendelea kuombea wagonjwa na sitaacha. Lakini katika Luka 17 wale wenye ukoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio walikuwa na kazi ya kuchunguza ngozi. Yesu hakuogopa uponyaji wake ukaguliwe. Ikiwa Bwana amekuponya, nenda kliniki ukajionyeshe. Mashine itasema, daktari atapunguza dawa mwenyewe, na tutapiga vigelegele pamoja.

Kabla hujapanda matatu

Dawa: beba za kutosha siku zote za safari na siku tatu za ziada. Kliniki nyingi zinafunga sikukuu, na gari linaweza kukwama. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe juu ya keria. Insulini isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala isiwekwe ndani ya friza. Ile ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Unayoitumia inaweza kukaa mahali pa baridi bila friji kwa takriban wiki 4, lakini soma maelezo ya dawa yako. Mashambani kusiko na stima, chungu cha udongo kilicholowanishwa, kikiwa kivulini, husaidia kuipoza.

Viatu: najua watoto wamekununulia viatu vipya vya Krismasi. Usivivalie safari ya kwanza. Kisukari kinaweza kufanya miguu isisikie maumivu, na lengelenge dogo likageuka kidonda cha miezi. Kagua nyayo kila jioni. Usitembee miguu mitupu shambani.

Mlo: usiruke asubuhi ili uweke nafasi. Ukimeza dawa, kula. Chakula kikichelewa, usingoje maombi ya jumla. Ombea chako kimya kimya ule.

Dalili za kushuka: kutetemeka, jasho baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu. Pima ukiweza. Hata bila mashine, toa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 4 rudia. Ikipanda, apewe chakula. Aliyezimia usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Mnaweza kuomba ndani ya gari.

Na sukari ikipanda sana, utaona kiu isiyokatika, kwenda chooni kila mara, macho ukungu, uchovu. Ikifika kutapika, kupumua kwa kasi au pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, hiyo pia ni hospitali, siku ya Krismasi au siku nyingine.

Tumekubaliana nini kama kanisa

Wazee na mchungaji kiongozi wamepitisha mambo haya. Ibada ya Krismasi itaanza saa tatu na kumalizika saa tano na nusu. Mhubiri ni mimi, na mama kanisa ndiye mwenye saa. Wahudumu wa mlangoni watakuwa na sukari, maji na mashine ya kupimia, na wamefundishwa kuitumia. Ukihitaji kula katikati ya ibada, kula. Hakuna atakayekuangalia vibaya. Akikuangalia, mwambie pasta ameandika.

Kuhusu mkesha wa tarehe 31 na mfungo wa Januari: unayetumia insulini au vidonge vya sukari, usifunge chakula kabla ya kuongea na daktari wako. Mungu hatakuhesabia hilo kuwa uasi. Funga simu, funga televisheni, funga maneno ya watu. Amka alfajiri uombe pamoja nasi, kisha ukanywe chai yako.

Nilipomwambia mama kwamba nitaandika habari zake aliuliza kama nitaandika pia ile sehemu ya kukemea. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi waambie hatutaki kuhurumiwa. Tunataka chakula kwa wakati."

Mwaka huu mbuzi anachinjwa tarehe 24.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa chakula na kwa mikono inayopika. Wakumbuke wote wanaoishi na kisukari, na wale wasiojua bado kwamba wanacho. Wape ujasiri wa kwenda kupimwa. Ponya kwa mkono wako, na ponya kwa mikono ya madaktari na wauguzi. Tusamehe pale tulipokemea badala ya kulisha. Meza zetu msimu huu ziwe mahali ambapo kila mtu anakula na kuinuka salama. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni nani katika kikundi chetu anaishi na kisukari, na je, tunajua cha kufanya sukari yake ikishuka?
2. Umewahi kuacha dawa kwa sababu ya jambo lililosemwa kanisani? Zungumza na mchungaji wiki hii, na urudi kliniki.
3. Soma Nehemia 8:10. Ni nyumba gani jirani haijaandaliwa kitu Krismasi hii, na tutaipelekea nini?